Moteri inapumua wapi? Somo juu ya tiyo ya hewa



Kila kiangazi, wakati mahindi inatoka mashambani, madereva wanatuletea ulizo lile lile: tukibadilisha njia ya hewa, motokari itapata nguvu zaidi? Vijana wa garaji hapa Likasi wanajibu mbiyo: "Papa, tutoe ile bwate, tutie filtri ya wazi, utaona vile itapanda mulima." Bwate ni lile kasha la plastiki lenye filtri ndani. Kazi haimalizi hata siku moja, tiyo ya plastiki iko sokoni, na ukikanyaga mafuta unasikia moteri inanguruma kama kamiyo kubwa. Kabla komite haijatoa franka za wote, tuangalie kwanza jambo lenyewe.

Moteri haili mazuti peke yake. Litre 1 ya mazuti ina uzito wa karibu gramu 840, na ili iungue yote inahitaji kilo zaidi ya 12 za hewa. Likasi iko karibu metre 1,300 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi: chukua sanduku la metre 1 kila upande, hewa iliyo ndani ina uzito wa kilo 1 hivi. Kule pwani ingekaribia kilo 1.2. Kwa hiyo kila litre ya mazuti inamaliza hewa ya chumba cha metre 2 kwa metre 2, chenye kimo cha metre 3. Hiyo ni kiasi cha chini kabisa. Moteri ya mazuti kwa kweli inavuta kupita hapo.

Sasa, hewa ikipata moto inapanuka na inapungua uzito. Hewa ya digri 50 ni nyepesi kuliko ile ya digri 25 kwa karibu sehemu 8 kwa 100. Ndiyo sababu wanasema hewa baridi inaleta nguvu. Ubaridi wenyewe hauna nguvu. Ni kwamba hewa baridi ni nzito, inaingia nyingi ndani ya silinda. Hapo vijana wetu hawakudanganya.

Lakini fungua kapo ya motokari yako, shika ile tiyo inayotoka kwenye bwate, uifuate na mkono mpaka mwisho wake. Kwa motokari nyingi inaishia nyuma ya taa ya mbele, ao ubavuni juu ya tairi. Maana yake, aliyetengeneza motokari alikwisha kutafuta hewa baridi ya inje. Ukitoa bwate na kuacha filtri wazi chini ya kapo, moteri inaanza kuvuta hewa iliyopita kwenye radiateri na kando ya tiyo ya moshi. Umelipa ili upate hewa ya moto. Na ile ngurumo? Bwate ilikuwa inapunguza sauti, sasa haiko. Kelele imeongezeka, lakini magunia yatabaki yale yale.

Hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni vumbi. Barabara kubwa ya Lubumbashi–Likasi–Kolwezi iko na lami, lakini mahindi yetu haitoki kwenye lami, inatoka kwenye njia za udongo mwekundu. Ndani ya vumbi lile kuna punje ndogo za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Kiungo kimoja kisichobana vizuri, nyuma ya filtri, kinatosha: punje zinaingia, zinasugua segimenti na silinda, moteri inaanza kula mafuta yake na kutoa moshi wa bluu. Dereva hatajua siku ile. Atajua kisha miezi, wakati moteri inakuwa nzito kuwaka asubuhi.

Kuna njia rahisi ya kupima. Zima moteri, fungua tiyo iliyo kati ya filtri na moteri, pitisha kitambaa cheupe kikavu ndani. Kikitoka safi, ni vizuri. Kikitoka na wekundu, usiendeshe tena mpaka umepata pahali hewa inapita pembeni. Fanyeni hivi kila juma wakati wa kiangazi, hata kama hamjabadilisha kitu.

Wengine wanashusha tiyo chini mbele ya gari ili ipate upepo. Mwezi wa Novemba mvua inapoanza, tiyo hiyo inakunywa maji kwenye kisima cha kwanza cha barabara. Pistoni inaweza kubana hewa, haiwezi kubana maji. Biele inapinda, na moteri imekufa palepale. Kwa motokari mpya mpya kuna tena kipimo kidogo cha hewa nyuma ya bwate, mafundi wanakiita debimetri. Ukikorofisha njia yake, kinapima vibaya na mazuti inaingia bila hesabu. Kwa hiyo kwa motokari ya koperative jibu letu ni fupi: muache bwate, mununue filtri mpya, mukaze kolie zote.

Pale ambapo tiyo ya kujitengenezea inafaa kweli ni kwenye mashini ya kusaga. Ingia katika nyumba ya mashini saa sita ya mchana: milango imefungwa nusu, radiateri inapuliza moto ndani, unga unaruka kama ukungu. Moteri inapumua vyote viwili. Hapo msaidieni.

Pitisheni tiyo kwenye ukuta, mdomo wake uwe inje, kimo cha metre 2 ao zaidi kutoka chini, ukiangalia chini ili mvua isiingie. Wekeni wavu, sababu manyigu wanapenda kujenga humo. Upana wa tiyo usiwe mdogo kuliko mdomo wa filtri. Kama ni ndefu kupita metre 2, chukueni pana zaidi. Kona ziwe chache. Karibu na tiyo ya moshi tumieni bati ao chuma, plastiki italegea. Tiyo ya moshi itoke upande mwingine wa nyumba: wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo msiweke mdomo wa hewa pale moshi unaposukumwa. Na filtri ibaki. Tiyo inaungwa mbele ya filtri, kamwe si nyuma yake.

Mashini ndogo za silinda moja mara nyingi ziko na filtri ya bakuli la mafuta. Mafuta ifike kwenye alama, isipite. Ikipita, moteri inaweza kuivuta na kuanza kukimbia yenyewe, hata ukifunga mazuti haitasimama mara moja. Mama mmoja aliye karibu na mikanda wakati ule yuko katika hatari.

Kama moteri inatoa moshi mweusi, inakosa hewa. Fundi asikimbilie kufungua pompi ili mazuti iongezeke. Aanze kwa filtri.

Kisha kazi, pimeni. Jazeni mazuti litre 5, hesabuni debe za mahindi zilizosagwa mpaka iishe, muandike mu kaye. Fanyeni mara tatu bila tiyo na mara tatu na tiyo, mahindi ya ukavu mmoja, jiwe ao chekeche lile lile. Kama hesabu ya pili haikupita ya kwanza, angalieni kona na wavu kabla ya kumgombeza fundi. Leteni kaye kwenye mkutano wa komite. Watu wetu wa timu watazisoma pamoja nanyi wakipita, mbele ya mvua.