Mikono Inayonuka Mafuta Taa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, natoka Mjambere, Kisauni. Huu ni mwaka wa pili niko gereji ya mjomba, na mpaka leo ni breki, oili na klachi tu. Ndoto yangu ni kutuni magari ya kasi kwa leptopu, hasa Subaru. Kuna mtu anafunza kwa wiki 2, ada ni shilingi 80,000, na mama yuko tayari kuzikopa kwenye chama. Mjomba asema ningoje. Jioni huosha mikono kwa mafuta taa mpaka inachubuka, maana rafiki zangu wanajua nafanya kazi ya kompyuta Nyali. Nizichukue hizo pesa? – Mpenda Kasi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa nne. Tatu zilikuwa sifa za Subaru, nimezikata. Umeniuliza habari za pesa, nami nataka tuzungumze habari za mafuta taa. Kijana anayejichubua ngozi ili wenzake wasijue anatoka gereji hajachoshwa na breki, ameona haya. Leptopu unaitamani kwa kuwa hufunguliwa kwa mikono misafi, na hizo 80,000 za mama ni bei ya kuitwa jina jingine lisilokuwa fundi.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Kutuni ni kuiambia kompyuta ya gari imwage petroli kiasi gani, cheche itoke wakati gani, tabo isukume hewa kwa nguvu gani. Katika mwendo wa kawaida injini hutaka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Tabo ikianza kusukuma, hewa hiyo yafaa ishuke hadi 12 hivi au chini yake, la sivyo mchanganyiko hujiwakia wenyewe na pistoni huvunjika ukingo penye ringi, ugonjwa ambao wenye Subaru za tabo wanaujua vizuri sana. Sasa kompyuta hiyo haina macho, husimuliwa tu na sensa iliyo kwenye eksozi. Gasketi ya eksozi iliyo kabla ya sensa ikiungua kidogo, hewa ya nje hupenya, sensa hudai petroli ni haba, na kompyuta humwaga nyingine juu ya iliyopo. Mwenye leptopu pekee ataziona namba azisahihishe, na gari litaharibika kwa namba nzuri. Fundi atachuchumaa, apitishe kiganja karibu na kiungo injini ikiwa bado baridi, asikie pumzi inampiga. Atachomoa plagi aitazame ncha: kahawia hafifu ni heri, masizi meusi ni petroli iliyozidi, weupe wa chokaa ni joto lililopita kiasi. Ndipo atafungua leptopu. Breki na klachi hazikufunzi hayo, nakubali. Zinakufunza kutomrudishia mtu gari ambalo hujalihakiki, na gari lililoongezwa nguvu linahitaji breki kuliko jingine lolote.

Utaniambia siku hizi magari ni kompyuta na mapu, yaani maagizo hayo ya kompyuta, zinauzwa zikiwa tayari. Zinauzwa, ndiyo. Lakini mapu iliyopimwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ilipimwa katika hewa nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya sita kuliko ya Kisauni. Ilete hapa kwenye joto letu la Machi uimwage ndani ya injini ambayo hukuipima kompresheni, halafu mwenye gari atakutafuta, na hatakutafuta Nyali.

Haya zako hazikutoka hewani, najua. Mtaani fundi wa gereji hudharauliwa, na baba wa msichana huuliza kazi kabla ya jina. Lakini fikiri, hao wateja wa Subaru utawapata wapi? Biashara hii hutembea kwa mdomo: fulani kamtengenezea fulani, gari linavuta na halijafa. Rafiki unaowaficha ndio mdomo wenyewe. Umelifunika bango lako kwa mikono yako miwili, kisha unataka mama akulipie bango jingine. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alianzia kwenye spana katika gereji ya babake, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabarani akiwatengenezea waliokwama. Ule ushindi wa 1965 aliupata kwa Volvo PV544 kuukuu, gari lililokwisha kutumika mbioni na wengine. Gari hilo alilijua kwa mikono, na Kenya nzima ilijua mikono hiyo imetoka gereji.

Haya, pesa. Zibaki chamani. Wiki 2 hazimfanyi mtu fundi wa kutuni, na mama asiingie deni kwa uongo asioujua. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, hufunza uhandisi wa magari ukiwa na alama za kuingilia. Masomo ya kutuni ya mtandaoni yapo, hata kutoka New Zealand, na ni mazuri kwa aliyekwisha kufungua injini. Kwako naona la kwanza ni mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), daraja la tatu, kisha la pili na la kwanza, kwa sababu unapima kazi unayoifanya sasa.

Kuhusu mjomba, huenda kweli anakutumia. "Ngoja" isiyo na tarehe ni utumwa wa kifamilia, na wajomba wetu wengi ni mabingwa wake. Mwendee kwa adabu asubuhi, kabla gereji haijajaa, umwambie: "Mjomba, nataka injini inayofuata kufunguliwa niifungue nikiwa nawe, na Jumamosi moja kila mwezi unifunze umeme wa gari." Akikataa mara tatu, tafuta fundi mwingine. Lakini ukimwendea leo atakuuliza kwa nini hukupita na rafiki zako pale mlangoni miaka miwili hii, na jibu huna.

Mafuta taa acha leo. Sukari kidogo kwenye sabuni ya maji hutoa oili vizuri, wala haichubui. Oili chafu ikiingia kwenye ngozi iliyochanika ni ugonjwa. Na kucha zikibaki nyeusi, nenda nazo hivyo hivyo barazani.