Kipimo cha damu na uvimbe wa ovari: kinatuambia nini?



Kamati kadhaa zimetuuliza kama sadaka ya mavuno yaweza kulipia kipimo cha damu cha CA-125 kwa akina mama wote wa parokia, ili saratani ya ovari igunduliwe mapema. Nia ni njema. Hata hivyo tunaomba tujifunze kwanza, maana kipimo hiki hupotosha hata wasomi.

CA-125 ni protini iliyotambuliwa na Dkt. Robert Bast na wenzake huko Boston, Marekani, mwaka 1981. Kiwango cha kawaida ni chini ya uniti 35 kwa mililita moja ya damu. Saratani iliyokwisha kusambaa hukipandisha kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10. Lakini katika hatua ya kwanza, pale tunapotamani kuikamata, karibu nusu ya wagonjwa huwa na kiwango cha kawaida.

Tena kiwango hupanda kwa ujauzito, hedhi, fibroidi, ugonjwa wa ini na, tusisahau hapa kwetu, kifua kikuu cha tumboni. Mama mwenye TB hiyo aweza kujaa maji tumboni na kuwa na CA-125 ya mamia, akadhaniwa ana saratani, kumbe anahitaji dawa za TB za miezi 6. Ndiyo maana daktari hudai kinyama kipimwe maabara kabla ya kutamka neno saratani.

Uingereza walijaribu hilo tunaloulizwa. Wanawake zaidi ya 200,000 waliandikishwa kati ya mwaka 2001 na 2005, baadhi wakipimwa kila mwaka. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa vifo havikupungua.

Kipimo kina mahali pake. Uvimbe ukishaonekana kwa ultrasaundi, daktari huangalia picha, CA-125 na kama mama amekoma hedhi, ndipo aamue nani apelekwe kwa bingwa wa upasuaji. Baada ya tiba, namba ikishuka ni dalili njema. Kwa wasichana hupimwa pia AFP na hCG, kwa kuwa uvimbe wao mara nyingi ni wa aina nyingine.

Sadaka yenu tungependa ilipie nauli na ultrasaundi ya mama ambaye kwa wiki kadhaa tumbo limejaa, anashiba upesi au anakojoa mara kwa mara. Baadhi yao hupewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo kwanza, na miezi inapita.