Mtoto Mchanga Anapopata Mafua na Pua Kuziba

Mtoto mchanga, yaani aliye katika siku 28 za mwanzo wa maisha yake, hupumua kwa pua karibu wakati wote. Kupumua kwa mdomo bado hajakuzoea, na matundu ya pua yake ni membamba kiasi kwamba makamasi kidogo, ambayo mtu mzima asingeyahisi, yanatosha kuyaziba. Ziwa likiwa mdomoni na pua imeziba, hewa haina pa kupita. Mtoto hunyonya mara mbili tatu, akaachia, akalia, akarudi, akaachia tena. Ndiyo maana mafua ya kichanga mara nyingi hugunduliwa kwenye kunyonya kabla ya kwingine kokote.

Si kila pua inayokoroma ina mafua. Katika wiki za kwanza watoto wengi hukoroma puani, hasa usiku, na kupiga chafya mara kwa mara. Chafya ndiyo njia yao ya kusafisha pua, kwa kuwa hawajui kupenga. Mtoto wa namna hiyo anayenyonya vizuri na asiye na homa hahitaji dawa yoyote. Mafua yenyewe huletwa na virusi, na aina za virusi hivyo ni zaidi ya 200. Makamasi huanza mepesi kama maji, kisha huwa mazito, ya njano au ya kijani. Rangi hiyo huwatisha wazazi wengi wakakimbilia antibiotiki, lakini antibiotiki haiui virusi, na rangi ya makamasi peke yake si sababu ya kuitumia. Mafua mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chepesi kinaweza kuchelewa.

Zipo pia pua zinazoziba kwa sababu nyingine kabisa. Mtoto anayebadilika rangi na kuwa wa bluu anaponyonya, kisha akarudiwa na rangi yake anapolia, huenda amezaliwa njia za pua zikiwa zimefungwa. Kilio humsaidia kwa sababu humfungua mdomo. Makamasi yenye damu yasiyokoma nayo yanaweza kuwa dalili ya kaswende aliyoambukizwa tumboni, hasa ikiwa mama hakupimwa wakati wa ujauzito. Watoto hawa wote ni wa kupelekwa hospitali.

Kusafisha pua

Maduka ya dawa huuza matone ya pua ya maji ya chumvi yenye chumvi asilimia 0.9, kiwango kinacholingana na maji ya mwili. Mtoto hulazwa chali, tone moja au mawili huwekwa katika kila tundu, kisha husubiriwa kama dakika moja. Makamasi yakishalainika hufutwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa ncha kama utambi. Penye pampu ndogo ya mpira ya kuvutia makamasi, hiyo hubonyezwa kwanza ikiwa nje, ncha yake ikawekwa mlangoni tu mwa tundu, ndipo mkono huiachia taratibu. Kuivuta pua kila saa huivimbisha kwa ndani, na kuziba kukazidi. Njiti za pamba hazifai kuingizwa puani.

Wakati mzuri wa kazi hii ni dakika chache kabla ya kunyonya. Ikifanywa tumbo likiwa limejaa, maziwa hurudi.

Katika nyumba nyingi bibi huinamia pua ya mjukuu na kuyanyonya makamasi kwa mdomo wake. Mapenzi yapo, lakini kinywa cha mtu mzima kina vijidudu ambavyo mwili wa kichanga haujavizoea. Wengine hukamulia maziwa ya mama puani. Maji ya chumvi yanatosha kwa kazi hiyo; mahali pa maziwa ni mdomoni.

Kunyonyesha na kulala

Mtoto mwenye mafua huchoka haraka, kwa hiyo hunyonyeshwa kidogo kidogo na mara nyingi zaidi, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo. Akishindwa kabisa kushika ziwa, maziwa hukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi. Kuanzia karibu siku ya tano ya maisha, nepi sita au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku ni ushahidi kwamba anapata maziwa ya kutosha. Hapewi maji, glukosi wala chai. Mama mwenye mafua haachi kunyonyesha, kwa sababu maziwa yake hubeba kinga dhidi ya maradhi yaleyale anayougua. Huosha mikono kwa sabuni na kuvaa barakoa.

Usiku mtoto hulazwa chali, mahali tambarare, bila mto. Mto wa kumwinua kichwa hauifungui pua. Hukunja shingo na kuibana njia ya hewa.

Tiba zinazodhuru

Madhara mengine hutokana na tiba, si na mafua yenyewe. Dawa za maji za kikohozi na mafua zinazouzwa madukani si za umri huu, hata kwa nusu kijiko. Dawa za kuchua zenye kafuri au mentoli ni sumu kwa kichanga na zinaweza kumzuia kupumua. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kupooza misuli. Mafuta au samli iliyodondoshwa puani huteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia ya aina yake. Nyungu, inayopendwa sana na watu wazima, imewaunguza watoto wengi. Kukata kimeo ili kuponya kikohozi huleta damu nyingi na maambukizi, na hakuponyi chochote.

Moshi unahitaji neno lake. Huko Njombe, Mbeya au Limuru, miezi ya baridi, jiko la mkaa huingizwa chumbani ili mzazi na mtoto wapate joto. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pwani tatizo ni udi na ubani unaofukizwa chumba cha mzazi siku za arobaini: moshi wake huwasha pua ile ile inayojaribiwa kufunguliwa. Joto la mwili wa mama, kofia na nguo moja zaidi ya alizovaa mtu mzima vinatosha.

Dalili za hatari

Kipimo cha maana zaidi nyumbani ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, nguo huinuliwa na pumzi huhesabiwa kwa kutazama tumbo linavyopanda, dakika nzima kwa saa ya simu. Ikifika 60 au zaidi, huhesabiwa tena. Ikirudia hivyo, mtoto hupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Hupelekwa vilevile akiguna kila anapotoa pumzi, kifua kikibonyea ndani, midomo ikiwa ya bluu, pumzi ikikatika, akikataa kunyonya, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri. Joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au lililo chini ya 35.5, katika umri huu hutosha peke yake, hata kama mtoto haonekani mgonjwa, wala haliteremshwi kwanza kwa dawa ya nyumbani. Kikohozi cha mfululizo kinachomkatisha pumzi huenda ni kifaduro, ambacho chanjo yake huanza wiki ya 6.

Njiani mtoto hubebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiendelea kunyonya kama anaweza, na kadi yake ya kliniki ikiwa mkononi.