Wazee Wetu na Hati ya Uwakili

Mwezi huu twataka kujifunza jambo liwapatalo wazee wetu, nalo ni hati ya uwakili. Hati hiyo ni maandiko ambayo kwayo mtu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lake: kupokea fedha benki, kukodisha nyumba, au hata kuuza shamba. Ni msaada mkubwa kwa mzee ambaye miguu haimfikishi tena mjini. Lakini wengi hudhani ya kuwa aliyepewa hati amepewa na mali. Sivyo. Wakili ni mtunzaji tu. Mali ni ya mwenyewe.

Tuseme yuko mama mjane huko Kilimanjaro, mwenye kihamba cha migomba na kahawa. Mwanawe amletea karatasi, amwambia, "Mama, weka dole gumba hapa, nikakupokelee fedha za kahawa." Mama hajui kusoma, naye atamkataaje mwanawe? Aweka. Baada ya miezi michache aja mgeni kupima kihamba, maana karatasi ile ilitoa ruhusa ya kuuza. Ili mambo kama hayo yasitokee, tushike maneno manne.

1. Hati hufanywa wakati akili ni timamu. Isomwe yote kwa sauti, kwa lugha aijuayo mzee, kabla hajatia sahihi au dole mbele ya kamishna wa viapo. Ikihusu ardhi iliyosajiliwa, ipelekwe kwa Msajili wa Hati.

2. Hati itaje kazi yake na mpaka wake. Ikiwa ni kupokea fedha za kahawa, iandikwe hivyo, wala lisiongezwe neno lo lote. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi kwa shauri la mmoja: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume hana ruhusa ya kuiuza pasipo ridhaa ya mkewe, wala mke pasipo ridhaa ya mumewe.

3. Wakili hutoa hesabu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yamlazimu kuonyesha hesabu kila aulizwapo na aliyempa kazi, wala asijiuzie mali ile kwa siri. Hatusemi ya kuwa watoto wote ni wadanganyifu. Mwana mwaminifu naye hulindwa na hesabu iliyo wazi, ndugu zake wasije wakamsingizia.

4. Hati ina mwisho. Mzee aweza kuitangua, lakini kuitangua moyoni hakutoshi. Aandike, awape habari wakili, benki, na Msajili. Maana mtu asiyejua akipatana na wakili yule kwa nia njema, mapatano yale yaweza kumfunga mzee. Tena hati hukoma mzee afapo, au akili yake ipoteapo. Hapo mtu ye yote asiendelee kuitumia. Kwa aliyepotewa na akili, shauri huenda mahakamani. Kwa aliyekufa, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Basi atakaye kugawa mali yake baada ya kufa aandike wosia, kwa kuwa hati ya uwakili haifanyi kazi ya wosia.

Na mzee asiye na fedha afanyeje? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka msaada usio na malipo kwa wasio na uwezo, nayo imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mwalimu wa usharika si mwanasheria, walakini aweza kumsomea mzee karatasi, akamwambia, "Usiweke dole leo, tuulize kwanza." Neno hilo dogo laweza kuokoa kihamba.

Maswali ya kuzungumza:
Je, katika usharika wetu ni nani huwasomea wazee karatasi zao?
Hati ya uwakili na wosia hutofautianaje?
Mzee akitaka kuitangua hati, awape habari akina nani?