Mgongo Unaouma na Malezi ya Utoto

Ndugu watumishi, yupo mwenzetu anayeumwa mgongo miezi na miezi. Picha ya mifupa haionyeshi kitu, na kapita anadhani anakwepa kazi. Sivyo. Maumivu yake ni ya kweli.

Huko Uingereza waganga walifuata watu waliozaliwa juma moja la Machi 1958. Walipofika miaka 45, maumivu ya mwili mzima yalionekana zaidi kwa wale waliofiwa na mama wakiwa wadogo, waliolelewa katika nyumba za yatima, au waliokulia katika ufukara. Si wote, lakini zaidi ya wenzao. Waganga wanaeleza kwamba mwili wa mtoto anayeishi na hofu huzoea kungojea hatari. Akiwa mtu mzima, mishipa yake ya fahamu huwa myepesi kupiga kengele, hata jeraha likiwa limepona.

Sisi wa Beni na Butembo jambo hili linatuhusu. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliacha yatima. Wakati ule UNICEF ilifungua nyumba za kulea watoto karibu na vituo vya matibabu, na waliopona ugonjwa ndio waliowabeba na kuwalisha. Ile ilikuwa dawa kamili! Basi yatima wa ndugu yako aliye nyumbani kwako, usimtishe wala usimpige.

Nawe unayeumwa, mweleze mganga na habari za utoto wako. Tembea kidogo kila siku. Lakini miguu ikifa ganzi, au mkojo ukishindwa kuuzuia, nenda hospitali siku ile ile.