SOMO LETU: MAHAKAMA YA KIJIJI NA MAHAKAMA YA HAKIMU



Kwenye mashamba ya miwa ya Busoga na Bunyoro, kwenye chai ya Tooro na katika viwanda vya Jinja, swali moja hutujia karibu kila mkutano wa tawi: shauri langu nilipeleke wapi? Mara nyingi muulizaji amekwisha kwenda mlango usio wake. Amepoteza miezi, na haki yake imeanza kupoa. Wengi wetu tumetoka mbali, wengine West Nile, wengine Congo na Rwanda, na desturi za mahakama za hapa Uganda hatukukua nazo. Kwa hiyo somo la leo ni mipaka ya mahakama zilizo karibu nasi. Asiyejua mipaka hiyo huchezewa kwa urahisi.

1. Mahakama ya kijiji

Mahakama ya kijiji ni ile tunayoiita LC. Mwaka 1988 sheria ilizipa kamati za RC uwezo wa kuamua mashauri madogo ya wananchi. RC zikageuka LC, na sheria inayotawala mahakama hizo sasa ni ya mwaka 2006. Zina ngazi tatu: kijiji, muluka na gombolola. Asiyeridhika kijijini hukata rufani muluka, kisha gombolola, kisha kwa Hakimu Mkuu.

Kazi yake ni madai ya mtu na mtu: madeni, mapatano, kupigana, kuharibu mali ya mwenzio, kuingia shamba la mtu bila ruhusa. Pia husikiliza mambo ya mila na sheria ndogo za mahali. Wanaoamua ni majirani mliowachagua, na wanawake lazima wawemo. Mwenzako wa kambini akikopa Shs. 150,000 akakataa kulipa, nenda hapo. Ni karibu, gharama yake ni ndogo, na watu mnafahamiana.

Lakini uwezo wake una ukuta. Madai ya aina hizi, kama deni au mapatano, yakizidi Shs. 2,000,000 si yake. Inaweza kuamuru fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au kupatana. Haiwezi kumfunga mtu jela. Haisikilizi kesi ya mauaji, ya kunajisi wala ya unyang'anyi. Mwenyekiti akikutisha kwamba atakufunga mwaka mmoja, anajipa cheo ambacho sheria haikumpa.

2. Mahakama ya hakimu

Hakimu ni mtumishi wa Serikali aliyewekwa kuamua kesi. Hachaguliwi kwa kura kama mwenyekiti wa kijiji. Juu yuko Hakimu Mkuu, chini yake Hakimu wa Daraja la Kwanza. Hao wawili wamesomea sheria chuo kikuu. Wapo pia wa Daraja la Pili, na uwezo wao ni mdogo zaidi.

Katika madai ya fedha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2007 yalimpa Hakimu Mkuu madai ya hadi Shs. 50,000,000, na Hakimu wa Daraja la Kwanza hadi Shs. 20,000,000. Katika makosa ya jinai, Hakimu Mkuu husikiliza kesi zote isipokuwa zile ambazo adhabu yake yaweza kuwa kifo. Wa Daraja la Kwanza haruhusiwi pia zile za kifungo cha maisha. Zilizobaki ni za Mahakama Kuu, na huko ndiko rufani kutoka kwa Hakimu Mkuu na Hakimu wa Daraja la Kwanza huenda.

3. Mishahara na kufukuzwa kazi

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu amefukuzwa Jumatatu, Jumanne yuko kwa mwenyekiti wa kijiji, wiki ijayo yuko polisi. Milango yote miwili si yake. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2006, malalamiko juu ya haki zilizo katika sheria hiyo hupelekwa kwanza kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya. Aliyefukuzwa isivyo halali anapaswa kulalamika ndani ya miezi 3 tangu siku aliyofukuzwa. Akichelewa, lazima aonyeshe sababu ya haki.

Ofisa akikaa siku 90 bila kuamua, shauri laweza kupelekwa Mahakama ya Viwanda. Rufani dhidi ya uamuzi wake huenda huko huko. Mahakama hiyo ililala miaka mingi, ikaanza tena kazi mwaka 2014. Jaji hukaa na wajumbe, mmoja wa upande wa wafanyakazi, mmoja wa waajiri, na mmoja asiye wa upande wowote.

4. Kuumia kazini

Katika jambo hili hakimu ni muhimu sana kwetu. Tuchukue mfano.

Mfanyakazi wa kinu cha miwa analipwa Shs. 200,000 kwa mwezi. Mashine imemkata vidole. Daktari amempima na kuandika kwamba amepoteza asilimia 30 ya uwezo wake wa kufanya kazi. Kabla kidonda hakijakauka, mtu wa ofisi anafika kambini na Shs. 300,000 na karatasi ya kutia kidole. Mwenyekiti wa kijiji ameitwa awe shahidi. Mgonjwa anaambiwa, "Yamalizeni hapa hapa nyumbani, mahakamani ni mbali."

Sasa tupige hesabu. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mtu aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hulipwa mshahara wa miezi 60. Akifa akaacha watu waliomtegemea, ni miezi 60 vile vile. Aliyelemaa nusu nusu hulipwa kwa kadiri ya asilimia yake.

Shs. 200,000 mara 60 ni Shs. 12,000,000.
Asilimia 30 yake ni Shs. 3,600,000.

Ndiyo kusema ndugu yetu anapewa laki tatu ili aache milioni tatu na laki tatu. Na tazameni ule ukuta wa kijiji: dai la Shs. 3,600,000 limeshapita milioni mbili. Tena sheria ya fidia yenyewe inapozungumza juu ya mahakama, maana yake ni mahakama ya hakimu ya mahali ajali ilipotokea. Mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba mtu huyu anakaa hapa na aliumia siku fulani. Hawezi kuuza mkono wa mtu.

Mfanyakazi na mwajiri wanaweza kupatana, lakini mapatano yaandikwe, na yakubaliwe na Ofisa wa Kazi. Kwa hiyo ukiumia fanya hivi. Toa habari kwa mwajiri ndani ya mwezi mmoja, afadhali kwa barua, na ubaki na nakala. Pata karatasi ya daktari. Andika majina ya walioona. Pitia kwa Ofisa wa Kazi. Msipoafikiana na mwajiri, dai huenda kwa hakimu. Usitie kidole karatasi ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

5. Ukikamatwa

Wakati wa mgomo, au miwa ikiungua, au magunia yakipungua bohari, wafanyakazi hukamatwa. Shikeni mambo haya:

(a) Katiba ya mwaka 1995 inasema aliyekamatwa kwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama hakuachiliwa. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedai fedha kwa dhamana hiyo anajitafutia chakula chake.

(b) Hakimu atakusomea shitaka. Kama hujui Kiingereza, sema wazi kabla ya kujibu lolote. Mkalimani ni haki yako, na humlipi wewe.

(c) Usikiri kosa usilotenda kwa sababu umeambiwa kwamba ukikiri utarudi nyumbani mapema. Ukikubali kosa hakuna mashahidi watakaoulizwa. Hakimu atakuhukumu kwa neno lako mwenyewe. Mpaka ithibitishwe au ukiri, huna hatia.

(d) Omba dhamana ya mahakama. Wadhamini wako watatakiwa kuonyesha wanakokaa, na barua ya mwenyekiti wa LC husaidia sana. Kwa hiyo msimdharau mwenyekiti: hana uwezo wa kukufunga, lakini barua yake husaidia kukutoa rumande. Fedha ukiweka mahakamani, dai risiti yenye muhuri.

(e) Fika kila tarehe uliyopewa. Usipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, hata kama huna kosa. Mnyapara akikunyima ruhusa, mwonyeshe karatasi ya mahakama na umjulishe katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

(f) Ukihukumiwa na hujaridhika, rufani ya jinai itolewe habari ndani ya siku 14.

6. Neno kwa viongozi wa matawi

Hakimu hakujui wala hamjui meneja. Anaamua kwa yaliyo mbele yake: karatasi, mashahidi, tarehe. Mwajiri ana karani wa kuyatunza hayo yote. Mfanyakazi ana kumbukumbu ya kichwani tu, na karatasi ya mshahara amefungia chumvi. Kila tawi liwe na daftari moja la ajali na la kufukuzwa: jina, tarehe, saa, mashine gani, nani aliona, barua ilipelekwa lini. Daftari hilo lisikae kwa mtu mmoja anayeweza kuhama nalo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Mfanyakazi anadai mwenzake Shs. 2,500,000 za pikipiki waliyouziana. Je, aende LC ya kijiji? Kwa nini?
2. Mchuma chai alifukuzwa tarehe 10 Januari. Siku ya mwisho ya kulalamika kwa Ofisa wa Kazi bila kuulizwa sababu ya kuchelewa ni lini?
3. Mtu anayelipwa Shs. 150,000 kwa mwezi amepoteza asilimia 20 ya uwezo wake. Fidia yake ni kiasi gani?
4. Katika tawi lenu, ni watu wangapi waliumia mwaka uliopita, na ni wangapi walio na karatasi ya daktari mkononi?

Swali la nne lijibiwe kwa majina, na orodha iletwe katika mkutano ujao.