Mfinyanzi na Mnunuzi Wake

Iko methali isemayo, Mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kwamba fundi huwapa wengine vyombo vizuri, naye mwenyewe hubaki na kilichovunjika. Leo twapenda kuitazama methali hii kwa upande mwingine, kwa faida ya wafinyanzi wa Mabawe na wa Ngara yote. Mtu alaye gaeni, atajuaje kasoro za chungu chake jikoni?

Wafinyanzi wakikutana, kila mmoja huangalia kazi ya mwenziwe kwa jicho la fundi. Husifu ukuta mwembamba, mng'aro uliopatikana kwa kusugua kokoto, na nakshi za shingoni. Sifa hizo ni tamu, wala si vibaya kujifunza kwa mwenzako. Lakini yule asifuye hanunui, maana anavyo vyungu vyake mwenyewe. Anunuaye ni yule achotaye maji na kupika maharagwe, naye ana maswali yake.

Tutazame kwanza mtungi wa maji. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo mpaka nje, hewa huyakausha, na katika kukauka huondoa joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi. Basi fundi akiusugua mtungi mno mpaka ung'ae kama kioo, huvifinya vile vitundu. Wafinyanzi wenziwe watamsifu, lakini mnunuzi atakunywa maji yasiyopoa vizuri.

Chungu cha kupikia kina haja nyingine. Udongo wake wafaa uchanganywe na mchanga au vigae vilivyopondwa, ili usipasuke upesi kwa moto. Kitako kiwe cha mviringo, kipate kukaa juu ya mafiga. Mdomo upitishe mwiko bila taabu, na ukingo uwe na mahali pa kushika kwa kitambaa. Huenda chungu cha namna hii kikawa na uso wa kukwaruza, na mafundi wasikitazame mara mbili. Lakini mpishi hapimi chakula kwa mng'aro wa chungu.

Neno hili si dogo, kwa maana riziki ya watu imo ndani yake. Ng'ambo ya Mto Kagera, Watwa wa Rwanda walikuwa mashuhuri kwa ufinyanzi. Sufuria na ndoo za plastiki zilipoenea, wanunuzi wengi waliviacha vyungu, na jamaa nyingi zikapungukiwa. Ndoo haina nakshi, wala haikutengenezwa ili kumpendeza mfinyanzi. Ni nyepesi kichwani, nayo ikianguka haivunjiki upesi. Basi mfinyanzi asishindane nayo katika wepesi; atafute lile ambalo ndoo haiwezi, kama kupoza maji au kukaa motoni.

Wako waliofuata njia hiyo. Wanawake wa Kikisi, katika pwani nyembamba ya Ziwa Nyasa ambako mashamba ni haba, tangu zamani walivipeleka vyungu vyao kwa mitumbwi mpaka gulio la Matema, wakavibadilisha kwa chakula. Wanunuzi walikuwa watu wa makabila mengine, wasiojua kufinyanga. Walichojua ni kupika tu. Tena nchini Kenya, katika miaka ya 1980, lilienea jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Fikira yake ilitoka Thailand, lakini umbo lake lilibadilishwa, likawa na kitako kipana ili lisipinduke mpishi asongapo ugali. Udongo ule huzuia joto lisipotee, na makaa hupungua. Watu walilinunua kwa sababu hiyo.

Basi yampasa mfinyanzi kufanya mambo matatu. Kwanza, apike kwa chungu chake mwenyewe, tena achukue maji kwa mtungi wake mpaka nyumbani. Shingo na mikono vitamwambia uzito wake. Pili, gulioni amwulize mnunuzi aliyerudi: Kile cha kwanza kilivunjika wapi? Kama wengi wasema kitakoni, kasoro iko kitakoni, hata kama mafundi wote wamekisifu. Tatu, amtazame yule aliyeshika chungu kisha akakirudisha chini. Amwulize kwa adabu sababu yake, wala asikasirike kwa jibu.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa mitungi miwili, mmoja uliosuguliwa sana na mmoja usiosuguliwa. Wajaze maji usiku, na asubuhi watoto waonje.

Hunena watu, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli. Lakini fundi ajiulize kwanza, ni kizuri machoni pa nani? Uzuri wa chungu huamuliwa na yule atakayekiteleka motoni kesho, na kesho kutwa, mpaka siku atakaporudi kununua kingine.